Viwanja vya Goba vimehamia mtaa mwingine: shepufaili, datamu na skripti inayoandika sifuri

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mchoraji kwenye ofisi ndogo ya usanifu, Tabata. Mpima ardhi alitutumia viwanja vya mteja wetu vya Goba kwa WhatsApp, faili moja lenye mkia wa .shp. Nikajaribu kuliingiza AutoCAD kwa amri ya LOAD, likakataliwa. Nilipomwomba tena akatuma zipu yenye mafaili kadhaa, nikaigeuza kuwa DXF, faili la michoro linalofunguka AutoCAD, kwenye tovuti ya bure. Viwanja vikaja, nikachagua mfumo wa koodineti wa UTM 37 Kusini ya WGS84 kwa sababu ndiyo niliyoizoea, nikawasha picha ya setilaiti. Vikakaa mtaa mwingine kabisa, juu kaskazini na magharibi kidogo. Nikavivuta kwa MOVE mpaka vikalingana na barabara. Halafu nikapakua skripti ya LISP, lugha ya kuiamrisha AutoCAD, ya kuandika majina na koodineti za bikoni, yaani alama za kona za viwanja. Kwenye mchoro mtupu inafanya kazi vizuri. Kwenye mchoro wa ofisi kila bikoni inaandikwa "0", chini inatokea Unknown command, na miduara mingine inarukia kona za jengo. Bosi anataka kazi Ijumaa. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Anzia kwenye ile MOVE: ifute. Kama ulishahifadhi na kufunga, usijaribu kuvirudisha viwanja kwa jicho. Rudi kwenye zipu ya mpima, anza upya, na ule mchoro uliovutwa uupe jina ambalo halitamruhusu mwenzako yeyote ofisini kuutumia kwa bahati mbaya.

Nalitanguliza hili kwa sababu skripti yako haijui kiwanja kilipo ardhini. Inaandika namba inazozikuta kwenye mchoro. Mchoro ukishavutwa kwa jicho, namba zinazotoka ni za mfumo usiojulikana na kifaa chochote cha upimaji. Zikishachapwa kwenye karatasi zinapata heshima zisiyostahili: fundi atazichukua, ataziingiza kwenye GPS yake, atasimamisha bikoni pale zinapomwelekeza. Goba kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikikosewa kwa mita 5 tu, ukuta umeshaingia kwa jirani, na familia mbili zimeanza safari ya baraza la ardhi. Kwa hiyo kila nitakachokueleza hapa kina shabaha moja: kwanza ujue namba zile zina maana gani, ndipo uguse mchoro.

Sasa lile faili la kwanza. AutoCAD ilikuwa na .shp yake tangu zamani, nayo haihusiani kabisa na ramani. Kwake .shp ni maandishi yanayoeleza maumbo na fonti, yanayogeuzwa kwa amri ya COMPILE kuwa .shx, na LOAD huingiza .shx za namna hiyo. Shepufaili, muundo wa data za ramani wa kampuni ya Esri, imetumia mikia ileile miwili kwa kazi nyingine: .shp inabeba maumbo ya viwanja, .shx inabeba faharasa ya kuyatafuta. Ndiyo maana LOAD ilikataa. Faili lilikuwa zima, mlango ndio haukuwa wake.

Na shepufaili si faili moja. Pungufu kabisa ni mafaili matatu yenye jina linalofanana, .shp, .shx na .dbf, na bila hayo huna kitu kamili. La nne, .prj, kisheria ni la hiari, lakini kwa kazi yako ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu ndilo linalotaja mfumo wa koodineti. Waambie wapima mnaofanya nao kazi watume zipu kila mara, wasitume faili mojamoja kwa WhatsApp. Kama siku moja utapokea yote ila .shx, usikate tamaa: hiyo inaweza kujengwa upya kutoka kwenye .shp. Ila .dbf ikikosekana, namba za viwanja zimekwenda nayo, na hakuna programu itakayozibuni.

Fungua zipu uliyopewa, tafuta .prj, ifungue kwa Notepad. Ni mstari mmoja mrefu wa maandishi. Huna haja ya kuusoma wote, tafuta jina tu. Dalili ulizonieleza zinaniambia utakuta Arc 1960.

Ramani za upimaji za Tanzania kwa miongo mingi zimejengwa juu ya datamu ya Arc 1960 (datamu ni msingi wa kuanzia vipimo vya mahali), inayolichukulia umbo la dunia kwa vipimo vya Clarke 1880. GPS ya simu na picha za setilaiti zinatumia WGS84. Tatizo ni kwamba datamu zote mbili zina UTM kanda ya 37 Kusini, zote zinahesabu kwa mita, na kwa Goba zote zinatoa namba za sura moja: mashariki laki 5 na ushei, kaskazini milioni 9 na laki 2 na ushei. Ukiziangalia huoni kasoro yoyote, na programu nayo haina sababu ya kulalamika. Lakini kwa hapa Dar es Salaam, pointi ileile ardhini ina namba ya kaskazini iliyo kubwa kwa takriban mita 300 kwenye Arc 1960 kuliko kwenye WGS84, na namba ya mashariki iliyo ndogo kwa karibu mita 100. Kwa hiyo ukizisoma namba za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS84, viwanja vinapanda kaskazini mita 300 na kusogea magharibi mita 100. Ndicho ulichokiona. Ungeona kinyume chake, yaani vimeshuka kusini na kwenda mashariki kwa kiasi hichohicho, ningesema namba ni za WGS84 na programu imeambiwa ni Arc 1960.

Tafadhali usizichukue 300 na 100 ukazifanya dawa ya kuhamishia michoro. Nimezikadiria ili zikusaidie kutambua ugonjwa. Tofauti halisi hubadilika kadiri unavyosafiri nchini, na hesabu ya kugeuza hufanywa na programu kwa kila pointi.

Hapa kuna vitendo viwili ambavyo wachoraji wengi huvichanganya, na ningependa uvitenganishe kichwani moja kwa moja. Kimoja ni kutaja mfumo: unaiambia programu kwamba namba hizi ni za Arc 1960. Namba hazibadiliki hata sentimita moja, kinachobadilika ni mahali programu inapoamini zipo. Kingine ni kugeuza mfumo: programu inakokotoa namba mpya za WGS84 kwa ajili ya pointi zilezile na kuzihifadhi kwenye faili jipya. Ukigeuza kabla ya kutaja sawasawa, unakuwa umekokotoa uongo kwa usahihi wa milimita. Tovuti ile ya bure haikutaja wala haikugeuza. Ilitoa namba kama zilivyo, ikaitupa .prj, kwa sababu DXF ya kawaida haina pa kuiweka. Na kwa kweli sipendi ofisi zipakie viwanja vya wateja kwenye tovuti za namna hiyo. Hujui faili linabaki wapi wala kwa muda gani.

Tumia QGIS. Ni programu ya ramani ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Ingiza .shp mafaili yote yakiwa kwenye folda moja. Kama .prj ipo, itasoma Arc 1960 yenyewe. Kama haipo, taja mwenyewe EPSG:21037, namba ya orodha ya kimataifa ya mifumo ya koodineti, ambayo ndiyo Arc 1960 UTM 37 Kusini. WGS84 UTM 37 Kusini ni EPSG:32737. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi ubandike karibu na skrini. Kisha weka picha ya setilaiti chini, na QGIS itaileta picha kwenye mfumo wa viwanja bila wewe kuvuta chochote.

Ikikuuliza njia ya kugeuza kati ya datamu hizo mbili, utaona vigezo vitatu vya kusogeza kitovu cha dunia. Seti inayotumika sana kwa Kenya na Tanzania ni -160, -6 na -302, zote mita. Hizo ni wastani wa eneo kubwa mno, hivyo zinabakiza kosa la mita kadhaa, hata makumi ya mita, na picha ya setilaiti nayo ina kosa lake la mita kadhaa. Viwanja vikikaa mita 4 pembeni ya ukuta unaouona kwenye picha, viache. Hapo ndipo vidole huwasha na mtu anatamani kuvuta kidogo tu ili mteja afurahi. Usivute. Mipaka ni ile ya ramani ya upimaji iliyosainiwa. Picha inakuonyesha mazingira tu.

Utauliza utoe DXF kwa mfumo upi. Mimi ningebaki na mfumo wa ramani ya upimaji, yaani Arc 1960 kama ndivyo ilivyo, na kuilazimisha picha iufuate. Namba zitakazosomeka kwenye mchoro wako zitakuwa zilezile zilizo kwenye ramani ya mpima, na afisa yeyote anaweza kuzilinganisha moja kwa moja. Ndani ya AutoCAD, amri ya GEOGRAPHICLOCATION inakupa orodha ya mifumo. Tafuta 21037 badala ya ile uliyoizoea. Kama ofisi yenu ina AutoCAD ya kulipia ya 2019 au baada ya hapo, huenda mna haki ya kusakinisha Map 3D pia, na hiyo inaingiza shepufaili kwa amri ya MAPIMPORT bila kupitia DXF. Muulize anayeshughulikia leseni.

Jambo moja kuhusu DXF: maumbo yanakuja, jedwali la sifa haliji. Namba za viwanja na majina ya vitalu hubaki nyuma. Kabla ya kutoa, washa lebo za namba za viwanja ndani ya QGIS, kisha toa DXF kutoka kwenye menyu ya mradi mzima, maana njia hiyo inazibeba lebo kama maandishi. Na ukikuta safu inaitwa NAMBA_YA_K, hakuna aliyekosea: majina ya safu kwenye shepufaili yanakomea herufi 10.

Viwanja vikikosea mahali, mara nyingi mahali penyewe ndipo panapokutajia kosa, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuvifuta. Vikiangukia Uhispania karibu na mpaka wa Ureno, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Hutokea sana kwa mafaili ya ramani ya KML na GeoJSON, ambazo zote huanza na longitudo wakati watu wengi hutamka latitudo kwanza. Vikiangukia milima ya kusini mwa Ethiopia, alama ya kutoa ya latitudo imepotea. Vikiwa porini kusini ya Tabora, umechagua kanda ya 36 badala ya 37. Vikiwa kwenye barafu ya Aktiki, umechagua 37 Kaskazini. Na vikikaa baharini kwenye Ghuba ya Guinea, programu inazisoma nyuzi kana kwamba ni mita au koodineti ni sifuri. Kiwanja kikiwa kama nukta isiyopimika, basi DXF ilitolewa kwa nyuzi: mita 20 ni kama 0.00018 ya nyuzi, na AutoCAD itakuonyesha 0.0002. Tatizo hili la KML utakutana nalo tena, kwa sababu KML siku zote ni nyuzi za WGS84, hata kama mpima alipima kwa Arc 1960.

Ukitaka nyumba, mifereji na barabara za jirani kwa ajili ya mchoro wa eneo, data za OpenStreetMap (ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea) za Dar es Salaam ni tajiri kuliko za miji mingi, hasa kwa kazi ya Ramani Huria iliyoanza 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walitembea mitaa kwa mitaa wakichora maeneo yanayofurika. Zichukue kwa moyo mweupe, ila kumbuka ni WGS84. Zigeuze kwenda 21037 kabla ya kuzilaza chini ya viwanja, la sivyo utaturudia na mita 300 zilezile.

Tuje kwenye skripti. Skripti yako si mbovu, ila mwandishi wake aliiandika akiamini mchoro wa kila mtu unafanana na wake. Ifungue kwa Notepad utafute mstari unaofanana na huu:

(command "_.TEXT" p 2.5 0 jina)

Unajibu maswali ya amri ya TEXT kwa zamu: mahali, urefu wa herufi, mzunguko, maandishi. Lakini TEXT huuliza urefu pale tu mtindo wa maandishi uliopo una urefu wa 0. Mchoro wa ofisi yenu bila shaka una mtindo uliofungiwa urefu, hivyo swali la urefu linarukwa na majibu yote yanasogea nafasi moja. 2.5 inachukuliwa kuwa mzunguko, 0 inakuwa ndiyo maandishi, na jina la bikoni linabaki mkononi bila swali, linatupwa kwenye mstari wa amri kama amri mpya. Hakuna amri inayoitwa BN12, ndipo unaona Unknown command "BN12". Sogeza macho karibu na zile sifuri utaona zimeinama kidogo: ni zile nyuzi 2.5. Mchoro mtupu haukuwa na tatizo kwa sababu mtindo wake wa Standard una urefu wa 0.

Dawa ya haraka ni kufungua STYLE, kutengeneza mtindo wa bikoni wenye urefu 0 na kuuchagua kabla ya kuendesha skripti. Dawa ninayoipenda ni kuacha kuuliza TEXT kabisa na kuandika kitu chenyewe moja kwa moja:

(entmake (list '(0 . "TEXT") (cons 10 p) '(40 . 2.5) (cons 1 jina)))

Hapo hakuna maswali, kwa hiyo hakuna jibu la kupotea.

Miduara kurukia kona za jengo ni osinapu, yaani kile kinachoivuta pointi ishike kona au mstari ulio karibu. Amri inayotumwa na skripti kupitia command inatii osinapu zilizowashwa, kama vile umebofya kwa mkono. Ukiwa umeutazama mchoro wote kwenye skrini, kona ya jengo iliyo mita kadhaa kutoka kwenye bikoni inaonekana kwa programu kuwa jirani kabisa, na mduara unavutwa. Ukisogeza mchoro karibu, kosa linapungua, na hapo ndipo mtu hudhani limeisha. Weka neno moja kabla ya kila pointi:

(command "_.CIRCLE" "_non" p 0.5)

Wengine wanazima osinapu zote mwanzoni mwa skripti kwa (setvar "OSMODE" 0) na kuzirudisha mwishoni. Inafanya kazi, ila ukibonyeza Esc katikati, zinabaki zimezimwa na unachora siku nzima bila kushika kona hata moja. Nakushauri "_non".

Kabla ya kuiendesha, rudisha UCS (mfumo wa mihimili ya mchoro) iwe World. Wasanifu hupenda kuzungusha UCS ili jengo likae sawa na skrini, na ukisoma koodineti katika hali hiyo unapata namba za jengo, si za ardhi. Kagua pia vizio. Mchoro wa jengo kwa kawaida ni milimita, wa mpima ni mita. INSUNITS, inayotaja kizio cha mchoro, kwa milimita ni 4, kwa mita ni 6. Zikiwa sawasawa kwenye michoro yote miwili, kuingiza mmoja ndani ya mwingine kutajipangia kipimo. Ikiwa 0 kwenye mmoja, tegemea kitu kilichokua au kusinyaa mara 1000.

Siku skripti ikikataa hata kuanza, sababu huwa ndogondogo: Notepad imeihifadhi kama .lsp.txt na Windows imeuficha mkia. Imepitia Word na alama za kunukuu zimepinda, nayo LISP inakubali zilizonyooka tu. Bano moja limebaki nyuma wakati wa kunakili, ndipo unasomewa malformed list on input. Au kompyuta ina AutoCAD LT ya kabla ya 2024, ambayo haiendeshi AutoLISP hata uifanyeje.

Ukiulizwa kama unaiamini skripti, usizime SECURELOAD, kinga inayouliza hivyo, ili kupumzika na maswali. Tengeneza folda moja ya skripti mlizosoma wenyewe, uiongeze kwenye TRUSTEDPATHS, orodha ya folda zinazoaminiwa. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilitangaza kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP, kilichokuwa kikituma michoro ya watu nje kwa barua pepe, hasa nchini Peru. Virusi vya namna hiyo hujificha kwenye faili la acad.lsp au acaddoc.lsp lililokaa kimya ndani ya folda ya mradi, na flashi zinazozunguka kati ya ofisi zetu zinavibeba vizuri sana. Ukikuta mojawapo kwenye folda ya mteja na hakuna anayejua lilitoka wapi, litoe kabla ya kufungua mchoro.

Kwa ajili ya Ijumaa, mpigie mpima leo umwombe koodineti za bikoni mbili zilizo mbalimbali kama zilivyo kwenye ramani iliyosainiwa, pamoja na jina la datamu. Muulize datamu kwa maneno, usiridhike na "ni UTM tu". Bofya bikoni hizo kwenye mchoro mpya kwa amri ya ID. Zikilingana hadi sentimita, endesha skripti, na kwenye kona ya karatasi andika: Koodineti ni Arc 1960, UTM 37 Kusini, EPSG:21037, mita. Zikipishana kwa mita, usichape. Mtumie mpima .prj uliyoikuta kwenye zipu umwambie athibitishe yeye, na bosi wako mwonyeshe namba mbili zinazopishana ili ajue kazi inasubiri nini.